Neno "Tupu" katika Daftari la Mpimaji



Vijana wetu wanapenda sana hadithi za safari za juu. Si mbingu ya malaika, bali anga la nyota na sayari. Hadithi hizo ni za namna nyingi. Ziko za vita na ziko za kutisha, lakini iko namna moja ya kuchekesha, nayo ndiyo ninayotaka kuizungumza leo: ni hadithi za wapimaji. Wakubwa fulani wanatuma watu wawili au watatu wapime sayari isiyojulikana: ukubwa wake, hewa yake, mawe yake, na kama wako wenyeji. Wapimaji wanafika na vyombo vya thamani, wanaandika kwa bidii, na kila jambo wanalikosea. Kile walichokiandika kuwa jiwe, kumbe ni mzee wa kijiji. Yule waliyempigia saluti kama mfalme, kumbe ni mbuzi wake. Kisha wanarudi kwao na taarifa nzuri yenye mihuri, wakapewa nishani. Msomaji hucheka mpaka ashike mbavu.

Mtu ataniuliza: Katekista, mambo hayo yana faida gani kwa Mkristo? Namjibu kwamba ndani ya kicheko hicho mna swali zito: mgeni anayepima nchi ya wengine ana haki gani ya kusema nini kipo na nini hakipo? Swali hilo halihusu nyota tu. Sisi tunaokaa Shituru twajua kwamba karibu kila hatua ya ardhi yetu imepimwa, imechorwa na kuandikwa na watu waliotoka mbali. Basi hadithi za sayari zatuhusu kuliko tunavyodhani.

Wala asiogope mtu kwamba kuwaza juu ya sayari zenye watu ni kuacha imani. Mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa kituo cha Vatikano cha kuchungulia nyota, alieleza katika gazeti la L'Osservatore Romano kwamba kusadiki kuwako kwa viumbe wengine wenye akili hakupingani na imani katika Mungu Mwumba. Tuna ruhusa, basi, ya kucheka na ya kuwaza.

Jitu kutoka nyota ya Sirius

Mojawapo ya hadithi za kwanza za namna hii iliandikwa na Voltaire wa Ufaransa, ikatolewa mwaka 1752. Jina lake ni Micromégas. Voltaire hakuwa rafiki wa Kanisa, kila aliyesoma ajua; lakini mwenye busara hukubali dawa njema hata ikitoka mkononi mwa jirani mgomvi.

Micromégas ni jitu kutoka nyota ya Sirius, lenye urefu wa futi 120,000, yaani karibu kilometa 39. Anasafiri pamoja na mwenzake wa sayari ya Zohali, ambaye ni mdogo kwake kabisa, maana urefu wake ni kama kilometa mbili tu. Wanatua duniani petu tarehe 5 Julai 1737, wanaizunguka dunia yote kwa saa 36, na bahari kuu inamlowesha yule mkubwa kisigino tu. Wanainama, wanapapasa, wanatazama. Yule wa Zohali akakata neno upesi: hapa hapakai mtu. Mwenzake akamwonya kwamba macho yake madogo hayazioni nyota nyingine ambazo yeye anaziona; je, nyota hizo hazipo? Baadaye mkufu wa almasi wa Micromégas ukakatika, wakatumia almasi zake kama hadubini. Wakamwona nyangumi. Papo hapo yule wa Zohali akakata neno la pili: kumbe dunia hii inakaliwa na nyangumi tu!

Mwishoni wanaiona merikebu. Na ndani yake mna nani? Wapimaji! Ni wataalamu wanaorudi kutoka kaskazini ya mbali. Voltaire hakuwatunga hivi hivi tu: mwaka 1736 na 1737 Maupertuis na wenzake walikwenda kweli nchi ya Lapland kupima umbo la dunia, wakaonyesha kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Basi waliokwenda kupima dunia, sasa wamewekwa juu ya ukucha wa jitu na kupimwa wao. Wanajibu vizuri sana wakiulizwa urefu wa vitu na umbali wa nyota. Wakiulizwa roho ni nini, wanasema wote kwa mara moja, na kila mmoja lake.

Hapo anatokea mwanatheolojia mdogo mwenye kofia ya pembe nne. Anawaambia wale majitu kwamba wao wenyewe, na jua lao na nyota zao, wameumbwa kwa ajili ya binadamu peke yake, na kwamba yote yamo katika Summa ya Mtakatifu Toma. Majitu wakacheka mpaka merikebu ikaanguka mfukoni mwa mmoja wao. Sisi tuliokalia mabenchi ya seminari twaweza kununa tukisoma hayo. Afadhali tucheke pamoja nao, maana Mtakatifu Toma hakufundisha hivyo. Yeye alifundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vingi, vya namna mbalimbali, kwa kuwa kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuonyesha wema wake. Mwenye kofia alijifanya kipimo cha vyote, na Toma hakumtuma kufanya hivyo.

Sasa tupeleleze kosa la yule wa Zohali. Hakuwa mwongo. Hakuona mtu, akasema hakuona mtu. Mpaka hapo hana dhambi. Lakini kati ya neno "sikuona" na neno "hakuna" iko njia ndefu, naye aliiruka kwa hatua moja. Neno "sikuona" ni ushuhuda juu ya macho yangu. Neno "hakuna" ni hukumu juu ya nchi ya watu. Mtu anayegeuza la kwanza kuwa la pili bila kuuliza, amejipa cheo cha hakimu.

Amri ya mwaka 1885

Mtasema: huo ni mchezo wa vitabu. Haya, tushuke katika nchi yetu.

Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya mfalme Leopold II, ilitoa amri juu ya ardhi. Amri hiyo ilisema kwamba nchi zilizo tupu zihesabiwe kuwa mali ya Dola. Angalieni neno "tupu". Nani aliyelipima? Shamba lililoachwa lipumzike miaka kadhaa ili lirudishe nguvu, mgeni aliliona pori. Kichaka cha kuwindia na cha kuokota uyoga na viwavi, aliona msitu usio na mwenyewe. Mahali palipo na makaburi ya wazee, aliona miti. Kila alipoona hakuna nyumba wala jembe, aliandika neno moja, na kwa neno hilo nchi ikapata bwana mwingine. Yule wa Zohali alichekesha kwa sababu aliondoka zake. Wapimaji wa Kongo walikaa.

Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji, Jules Cornet, alifika Katanga pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Alistaajabia wingi wa madini, hata husemwa kwamba ndiye aliyeita nchi hii "kashfa" ya elimu ya mawe, kwa jinsi utajiri wake ulivyopita kiasi. Alikuwa mtu wa elimu ya kweli, na kazi yake haina budi kuheshimiwa. Lakini watoto wetu wakisoma ya kuwa shaba ya Katanga "iligunduliwa", yafaa tuwaulize: nani alikuwa hajaijua?

Maana karne nyingi kabla ya Cornet wenyeji walikuwa wakipanda vilimani wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, wakachimba jiwe la kijani. Walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa, wakavukuta mivukuto, wakamimina shaba iwe misalaba midogo. Misalaba hiyo ilikuwa mali na mahari, ikasafiri mbali. Wataalamu walipochimbua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, waliikuta imezikwa pamoja na wafu. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari za wafua-shaba hao. Na wageni waliotafuta mashimo ya shaba mara nyingi walitafuta kwanza mashimo ya wazee. Wenyeji walijua pia kusoma ardhi bila chombo. Pale miti inapokataa kumea kilimani, na yakaota majani mafupi pamoja na lile ua linaloitwa ua la shaba, ambalo wataalamu hulipa jina la Haumaniastrum katangense, hapo chini pana shaba.

Hayo yote hayakuwa tupu. Ilikuwa elimu ambayo daftari la mpimaji halikuwa na safu ya kuiandikia.

Yaliyofuata mwayajua. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba safi kwa nguvu za umeme. Mji wetu ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya bwana mmoja wa kampuni; jina la Likasi likarudi mwaka 1966. Hata juu ya mawe yenyewe wapimaji hawakuona yote. Urani ya Shinkolobwe, karibu na mji wetu, ilionekana mwaka 1915, lakini kwa miaka mingi kilichotakiwa ndani ya jiwe lile ni radiamu. Urani ilihesabiwa karibu kama masazo. Tarehe 6 Agosti 1945, siku ya Hiroshima, ulimwengu ulijua masazo yale ni kitu gani. Chombo huona kile kilichoagizwa kutafuta.

Bwana Nkoloso na paka wawili

Sasa tuvuke mpaka kidogo, tuingie Zambia kwa majirani zetu. Huko mwaka 1964, mwaka wa uhuru wao, alitokea mwalimu jina lake Edward Makuka Nkoloso. Alikuwa amelelewa na wamisionari, akapigana katika Vita Kuu ya pili, akafungwa kwa ajili ya siasa ya uhuru. Akatangaza kwamba yeye na wanafunzi wake watafika Mirihi. Watakaokwenda ni msichana Matha Mwamba, paka wawili na mmisionari. Kwa mazoezi aliwaingiza vijana katika pipa la mafuta, akalibingirisha mtelemkoni, ili wazoee safari ya anga. Akaomba fedha kwa mataifa, asipewe. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakacheka sana.

Lakini aliandika jambo moja gazetini ambalo wengi walilipita. Alisema kwamba kwa darubini zao wameichunguza Mirihi, na wana hakika kwamba inakaliwa na wenyeji wa hali ya chini. Tena alisema amemwonya yule mmisionari asiwalazimishe watu wa Mirihi kuwa Wakristo kama hawataki.

Watu wangali wanabishana kama Bwana Nkoloso alisema kwa mzaha au kwa moyo wote. Mimi naona kwamba maneno yale yalikuwa kioo. Darubini, "wenyeji wa hali ya chini", mmisionari anayetangulia: tumeyasikia wapi maneno hayo? Ni maneno ya taarifa zilizoandikwa juu yetu sisi! Mwafrika aliyepimwa maisha yake yote alishika darubini akaigeuza upande wa pili. Na yale maonyo kwa mmisionari ni mafundisho safi ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe kuamini. Bwana Nkoloso alitangulia mwaka mmoja, akiwa na paka wawili.

Je, tuache kupima?

Hapa mtu wa elimu atasimama na kupinga. Atasema: ninyi mwacheka wapimaji, lakini bila wao hakuna ramani, hakuna kisima wala barabara, hakuna dawa. Mkitaka kila mtu aseme "sikuona" tu, hakuna kazi itakayoisha.

Pingamizi hilo ni la haki, nami silikatai. Kupima ni kazi njema ya akili tuliyopewa na Mungu. Lakini tazameni wapimaji bora wenyewe wanavyofanya. Mwezi wa Julai 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha 21, zilizofunika sehemu kama moja kwa mia ya sayari. Zilionyesha mashimo kama ya mwezi, na wengi wakasema: basi, Mirihi imekufa, haina jipya. Mwaka 1971 Mariner 9 ilifika wakati wa tufani ya vumbi, ikangoja. Vumbi lilipotua ikaonekana milima ya moto iliyo mikubwa kuliko yote ya dunia, bonde lenye urefu wa kilometa 4,000 hivi, na njia kavu za mito ya zamani. Sehemu tisini na tisa zilizobaki zilikuwa na neno la kusema. Elimu haikuaibika, ilirudi, ikatazama tena, ikasahihisha. Tofauti ni hii: mawe ya Mirihi hayakudhurika kwa kosa lile, lakini mtu anayeandikwa "tupu" hudhurika siku ile ile. Kwa hiyo apimaye watu anadaiwa uangalifu kuliko apimaye mawe.

Nasi makatekista tu wapimaji vilevile. Twapita nyumba kwa nyumba na daftari: waliobatizwa, wenye ndoa, wajane, watoto. Katekista mmoja kijana alimwandika mama mzee wa mtaa wetu: mjane, watoto hakuna. Yule mama akamwuliza, "Mwanangu, umeniandikaje?" Akamsomea. Mama akacheka taratibu, akasema, "Basi, njoo uani." Huko walikuwako watoto watano wa majirani wakila bukari katika sufuria yake, kama kila siku. "Hawa waandike wapi, baba?" Daftari halikuwa na safu. Lakini ukingo wa karatasi ulikuwapo, na yule kijana aliandika ukingoni.

Hatari ya pili

Iko hatari nyingine, nayo nadhani ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, Musa alituma watu kumi na wawili waipeleleze nchi ya Kanaani. Walikuwa wapimaji hasa: kwa siku 40 walitazama udongo, miji na matunda, wakarudi na kichala cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili kwa mti. Juu ya nchi hawakukosea sana. Walipokosea ni juu yao wenyewe: kumi kati yao walijiona kama panzi mbele ya wenyeji.

Mtu aliyeandikwa "tupu" muda mrefu huanza kulisoma neno hilo kama jina lake. Namsikia kijana wa Shituru akisema: sisi hatuna kitu, hatujui kitu, elimu yote yatoka nje. Anasema hayo akiwa amesimama juu ya kilima ambacho babu zake walisoma maua yake na kuyeyusha mawe yake. Huyo amejipima kwa daftari la mwingine. Kumwondolea neno hilo ni kazi ya wazazi, ya walimu, na yetu sisi tunaofundisha.

Tufanyeje basi?

Leo wapimaji wamerudi kwa wingi, maana ulimwengu wataka shaba na kobalti kwa ajili ya betri na magari ya umeme. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yawataka wenye migodi kuagana na wenyeji juu ya maendeleo yao, na kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mapato ya mauzo kwa ajili hiyo. Sheria ni njema, lakini haitoshi kama moyo wa mpimaji haujafunzwa. Namwekea masharti matatu.

La kwanza: atenganishe "sikuona" na "hakuna", na asiliandike la pili mpaka amelipa gharama yake.

La pili: aulize mwenyeji kabla ya kuandika, si baada ya kupiga mhuri. Kuuliza si ujinga.

La tatu: akubali kupimwa. Wazee husema, mgeni ni kuku mweupe. Yeye hudhani anawatazama wote, kumbe wote wanamtazama yeye. Asiyekubali kutazamwa hafai kutazama.

Na masharti hayo si ya mgeni peke yake. Yanamhusu pia mtoto wa Shituru atakayesoma elimu ya mawe au ya nyota, akatumwa kupima kijiji cha wengine, au, Mungu akipenda, sayari ya wengine. Aende na vyombo vyake vyote, na hadithi moja ya kuchekesha mfukoni. Na akifika mahali ambapo haoni mtu, kabla ya kufungua daftari, abishe hodi.